Papa Amepumzika

Kazi yangu ni kuandika watu. Nimekaa miaka kumi na tisa kwenye dirisha la état civil katika ofisi ya mtaa mmoja wa Kisangani. Mtoto akizaliwa, baba yake anakuja kwangu kumwandikisha. Mtu akifariki, jamaa zake wanakuja kwangu kutafuta karatasi ya kifo. Kwa hiyo nilipaswa kuwa mtu wa mwisho katika mji huu kumwua mtu ambaye hajafa.

Nitaeleza ilivyokuwa.

Siku hizo simu yangu ilikuwa inakaa mapajani, chini ya meza, kioo kikitazama juu. Mkono wa kulia ulikuwa wa serikali, wa kushoto ulikuwa wa mtandao. Nilikuwa ndani ya kundi la familia, kundi la wafanyakazi, kundi la majirani, kundi la wanawake niliosoma nao shule ya msingi, na kundi moja la kuoka keki ambalo mpaka leo sijui niliingiaje, maana sina hata tanuri. Naishi peke yangu tangu watoto wangu waende kusoma Kinshasa, na nyumba ikinyamaza sana, simu ndiyo ilikuwa inaongea.

Katika kundi la familia nilikuwa na sifa yangu. Mtu akiweka picha ya mtoto mchanga, mimi ndiye wa kwanza kupongeza. Mtu akiumwa, mimi ndiye wa kwanza kumwombea. Wengine walipokuwa bado wanatafuta miwani, mimi nilikuwa nimekwisha kutuma vipicha vya maua, mishumaa na mikono iliyofumbatana. Nilijivunia jambo hilo kama mtu anavyojivunia mbio zake.

Asubuhi moja, foleni ilikuwa ndefu dirishani, simu ikatetemeka mapajani. Ilikuwa picha kwenye kundi la familia, kutoka kwa binti wa tonton wangu, mdogo wa marehemu baba yangu. Tonton ni seremala, mjane, anakaa na huyo binti kwenye parcelle yake, kiwanja chenye nyumba na ua, karibu na msikiti. Kwenye picha alikuwa amelala chali juu ya kitanda, amevaa kanzu nyeupe, mikono juu ya kifua, macho yamefumbwa. Chini ya picha, maneno mawili tu: "Papa amepumzika."

Mbele yangu alikuwepo bwana mmoja ananitajia tarehe ya kuzaliwa ya mapacha. Mkono wa kulia ukaandika mapacha. Mkono wa kushoto ukaandika: "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Tonton wetu ametutoka. Mungu amulaze pema." Nikaongeza nyuso sita zinazolia.

Halafu ndipo nikaanza kulia mwenyewe, machozi ya kweli. Mkubwa wangu wa kazi akaniambia, "Nenda, mama, nenda haraka," na yule bwana wa mapacha akanipa pole.

Kama ningeitazama ile picha kwa muda wa kumeza mate, ningeona penseli ya seremala imechomekwa nyuma ya sikio. Maiti gani anavishwa penseli? Ningeona pia kwamba kitanda ni kipya, hakina godoro, na nyuma yake viko vingine vingi vya namna ile ile. Tonton alikuwa amemaliza vitanda vya bweni la shule moja ng'ambo ya mto, kazi iliyomchukua miezi miwili. Akajilaza juu ya kile cha mwisho kukijaribu, usingizi ukampitia. Binti yake akacheka, akampiga picha. Alikuwa anaandika ujumbe wa pili wa kueleza habari za vitanda, simu ikazima. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, wanasema mashine moja kule kwenye maporomoko ya Tshopo iliharibika. Basi akatia simu mfukoni, akamwamsha baba yake, wakapakia vitanda, wakavuka mto.

Na mtu mwingine yeyote angeandika vile, familia ingeuliza. Lakini niliyeandika ni mimi, mama wa état civil. Kwetu ikawa kama imepigwa muhuri.

Isitoshe, sisi ni Waislamu, na kwetu maiti haingoji. Kwa hiyo kila mtu alikimbia. Nilipanda toleka, na yule kijana wa baiskeli, aliponiona nalia, akakanyaga pedali kwa nguvu zote, akawa anapiga kelele "Matanga! Matanga!" ili watu watupishe njia. Nilipofika nikakuta turubai limekwisha kufungwa. Wanawake walikuwa wamewasha meko matatu: sombe, yaani majani ya muhogo, kwenye sufuria moja, samaki kwenye nyingine, na ndizi za kuponda lituma zinachemka. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki. Wengine wawili walikuwa wametoka msikitini na jeneza la kubebea maiti, wameliegemeza ukutani.

Kilichokosekana ni maiti.

"Iko wapi?" mtu aliuliza.

"Nyumba imefungwa. Pengine iko hospitali."

"Hospitali gani?"

Hakuna aliyejua. Binti hapatikani kwenye simu. Wakaniuliza mimi, nami nikawaambia kwa sauti ya mtu mwenye cheo kwamba mambo ya hospitali yana taratibu zake, tuvumilie. Kisha nikarudi kwenye mkeka kulia pamoja na wanawake wenzangu. Nalia vizuri, sijisifu. Nilimtaja Tonton kwa wema wake wote: kabati alilonipa siku ya harusi, stuli alizowatengenezea wanangu, namna alivyokuwa anaimba vibaya akipiga randa.

Ilikuwa karibu na alasiri aliporudi. Niliyaona yote, maana mkeka wetu ulikuwa umeelekea kwenye mlango wa parcelle. Aliingia polepole, binti yake nyuma, vumbi la mbao kwenye kanzu. Aliona turubai. Akaona watu wanalia nyumbani kwake. Mimi nilimwona, lakini akili ilikataa kushirikiana na macho, nikaendelea kulia huku namtazama. Tonton ni mtu wa adabu. Akavua kofia, akavaa uso wa huzuni, akakaa kwenye kiti cha mwisho, karibu na shemeji mmoja wa mbali aliyekuwa ameinamia simu yake.

"Pole, ndugu," Tonton alimnong'oneza. "Nani amekufa?"

Shemeji hakuinua kichwa. "Mwenye parcelle," akajibu, kidole kinaendelea kuteleza kwenye kioo.

"Mwenye parcelle?" Tonton akasimama. "Mwenye parcelle iko miye!"

Mama mmoja akapiga yowe, akaruka ua wa miti, akaacha kandambili moja upande wetu. Shemeji alianguka na kiti chake. Wale wawili wa jeneza walianza kusoma dua kwa sauti, kila mmoja dua yake.

Tonton alizunguka akitutazama mmoja mmoja. "Bon," alisema. "Nani alinipatia ruhusa ya kufa?"

Vidole vyote viligeuka kwangu. Hata mashemeji wasionijua walininyooshea.

"Ni mama wa état civil," mtu alisema. "Ye ndiye aliandika."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, mimi na simu yangu. Tonton alikuja mpaka ukingoni mwa mkeka. "Mutoto wangu, weye unajua sheria. Bila karatasi, mutu hafi. Karatasi yangu iko wapi?"

"Tonton, unisamehe."

"Nauliza karatasi."

"Haipo, Tonton."

"Alors sijakufa." Akageukia watu. "Na hii chakula iko ya nani? Muliipikia maiti? Maiti hali. Leteni."

Basi tukala matanga ya mtu aliye hai, na yeye mwenyewe ndiye aliyekula zaidi. Kati ya tonge na tonge alikuwa anawauliza majirani nani alilia sana na nani alilia kidogo. Alipomaliza alikwenda kulikagua lile jeneza, akalitikisa, akasema mguu mmoja umelegea, ni aibu kumbebea mtu juu ya kitu kama kile. Akaleta nyundo akaugonga palepale. Ndugu zetu wa Ubundu, ambao walikuwa wamekwisha kukodi pikipiki na kupita nusu ya ile njia mbaya, walipigiwa simu wageuke. Walininunia mwezi mzima, na walikuwa na haki.

Nami nilikuwa nimeanza kucheka kidogo, nikidhani mambo yameisha hivyo. Ndipo binti wa Tonton, ambaye simu yake ilikuwa imepata moto kwa jirani mwenye jenereta, akaniita pembeni.

"Shangazi wa Yanonge amepanda mtumbwi," alisema. "Tangu saa nane. Huko mtoni hakuna réseau, simu haishiki."

Shangazi ni dada mkubwa wa baba yangu na wa Tonton. Aliolewa Yanonge zamani, kwa watu wa mto, na hapendi kusafiri. Mtumbwi wa injini kupanda mto kutoka Yanonge, pamoja na kusimama kila kijiji kuchukua mizigo, haufiki siku ileile. Nilihesabu saa ambazo yule mama angekaa juu ya magunia akimlilia mdogo wake wa mwisho, na kicheko kikaisha.

Asubuhi Tonton na mimi tulikwenda bandarini kumngojea. Alishuka ameshikwa mkono na mama mmoja abiria. Kitambaa chake kilikuwa kimeteleza, nikaona kichwa: amekinyoa chote, kama wakwe zake wanavyofanya wakifiwa. Macho yalikuwa yamevimba. Alimwona Tonton amesimama mbele yake na kanzu safi. Alimtazama muda mrefu. Akamgusa shavu. Kisha akavua kiatu akampiga nacho begani, mara mbili, akamkumbatia, na wote wawili wakalia pale kwenye matope ya bandari, wachukuzi wakiwapitia kulia na kushoto.

"Na nywele?" Tonton alimwuliza baadaye, akipangusa uso. "Nani alikuambia dini yetu inataka nywele?"

"Nyamaza, maiti," shangazi alimwambia. Kisha akanigeukia. "Ni weye uliandika?"

"Ni miye, Shangazi."

"Wakati wa kuandika, ulikuwa unawaza nini?"

Nilitafuta jibu. Nilitafuta kwa uaminifu, kama ninavyotafuta jina la mtu kwenye rejista ya zamani. "Sikuwaza kitu, Shangazi."

"Ah," alisema. Kama angenipiga na kile kiatu ningeshukuru.

Hakutaka kurudi Yanonge na kipara bila maiti. Watu wangemcheka, alisema, wangemwuliza umemnyolea nani. Kwa hiyo alikuja kukaa kwangu mpaka nywele ziote.

Jioni ile mimi nilikuwa nimeapa. Nilijiondoa kwenye makundi yote, moja baada ya jingine, hata la keki, nikajiona mtu mpya. Kesho yake, saa kumi na moja jioni, wajumbe watatu wa familia walibisha hodi. Walivaa nguo za heshima. Walikaa, wakakohoa, wakamwomba Shangazi awe shahidi. Mkubwa wao akasema familia imesikitika kusikia kwamba nimejitoa katika ukoo, na wamekuja kuuliza ni nani aliyenikosea.

"Hakuna aliyenikosea! Nimetoka kwenye simu tu."

"Ndiyo. Kwenye simu ya ukoo."

Ilinichukua nusu saa kuwaeleza, na hawakuelewa. Mwishowe nilikubali kurudishwa, nao wakaniandikia "Karibu tena nyumbani" na wimbo.

Nilikwenda kwa Tonton kwenye karakana yake kumlalamikia. Alikuwa anapima ubao. Alinisikiliza bila kuacha kupima.

"Weye unataka kukimbia simu kama mutu anakimbia nyoka," alisema. "Simu si nyoka. Sikiliza. Nikisali, natia nia kwanza. Nikifunga mwezi wa Ramadhani, natia nia. Na mbele ya kukata huu ubao, natia nia pia: iko mguu wa meza ao iko mulango? Ubao ukishakatwa haurudiane. Sasa weye, ukifungua hiyo simu, unatia nia gani?"

Niliitoa simu mfukoni, nikaitazama, nikairudisha.

"Basi ujaribu," alisema. "Uiseme na kinywa. Bila nia, usifungue."

Ilionekana rahisi. Kesho yake ofisini niliiweka simu kwenye droo, nikaanza kazi. Sijamaliza hata barua moja, mkono wa kushoto ulikuwa umefika droo peke yake. Niliushika. Nikasema, kwa sauti, kama nilivyoagizwa: "Natia nia ya kuangalia saa." Saa kubwa ya ukutani ilikuwa mbele ya macho yangu. Nikafunga droo. Baada ya kitambo: "Natia nia ya kuangalia kama kuna mvua." Dirisha lilikuwa wazi. Mama mmoja kwenye foleni alimwambia mwenzake kwamba yule wa état civil siku hizi anasema peke yake, ni tangu afiwe na tonton wake.

Siku ile nilitia nia mara thelathini na kitu, na nia za kweli zilikuwa mbili: kuwauliza watoto wangu kama wamekula, na kumwuliza fundi wa paa lini atakuja. Zile nyingine, nikizisema kwa kinywa, zilikuwa zinanitia aibu. "Natia nia ya kuona kama fulani amenenepa." "Natia nia ya kuona nani ameona picha yangu." Jaribu kusema hilo mbele ya shangazi mwenye kipara.

Maana Shangazi alikuwa amejifanya polisi. Nyumbani, nikinyoosha mkono tu, alikuwa anauliza kutoka jikoni, "Nia?" Nikijibu vibaya alikuwa anacheka mpaka anashika ubavu. Naye akanikamata kwa njia nyingine: aliongea. Aliniambia kwamba baba yangu alipokuwa kijana alimwogopa kuku. Aliniambia namna bibi yetu alivyokuwa anajificha nyuma ya jiko kula sukari. Mambo haya hayako kwenye kundi lolote. Siku moja tulikaa barazani tangu alasiri mpaka mwadhini akaita magharibi, na nilipokumbuka simu nilikuta haina moto tangu asubuhi.

Sikuwa malaika. Juma moja nilidanganya. Nilisema natia nia ya kutafuta namna ya kupika mbisi, nikapotea saa nzima ndani ya ugomvi wa watu wawili nisiowajua, wa mji nisioujua. Samaki akaungua. Shangazi alimla hivyo hivyo, akasema ladha yake ni ya nia mbaya.

Lakini dirishani kitu kilibadilika, na hilo sikulitegemea. Asubuhi moja alikuja mzee mmoja kuandikisha kifo cha mke wake. Zamani ningeandika kichwa kikiwa chini: jina, tarehe, mahali, sahihi hapa, anayefuata. Siku hiyo simu ilikuwa droo ya chini na mikono yangu miwili ilikuwa juu ya meza. Nilimwuliza jina la marehemu, akalitaja. Nikamwuliza kazi yake. Aliwaza.

"Andika alikuwa anauza mikate," alisema. "Lakini sivyo alivyokuwa."

"Alikuwaje, papa?"

Akaniambia. Ilichukua muda, na wa nyuma kwenye foleni walianza kuguna. Alikuwa mwanamke wa kucheka usingizini, alisema. Mara nyingi yeye alikuwa anaamka akimsikia anacheka, na asubuhi mke hakukumbuka alichekea nini. Kwenye karatasi hakuna sehemu ya kuandika jambo kama hilo. Niliandika muuza mikate. Lakini nilikuwa nimesikia, naye aliona kwamba nimesikia, na alipoondoka alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikajiuliza, katika miaka ile kumi na tisa, ni wangapi waliosimama pale na neno mdomoni, wakaona kichwa changu kimeinama, wakaondoka nalo.

Makundi bado ninayo. Nayafungua mara mbili kwa siku, nikikaa, nikijua natafuta nini. Nikiona habari ya msiba napiga simu kwanza, nasikia sauti ya mtu, ndipo naandika pole. Siku hizi mimi ni wa mwisho kupongeza na wa mwisho kulia, na hakuna aliyekufa kwa sababu hiyo. Tonton anaendelea na mbao zake. Wateja wapya wanamwita Marehemu, na yeye anaitika.

Wakati wa likizo nilimsindikiza Shangazi kurudi Yanonge. Nilikaa kwake siku nane. Siku ya kwanza alinipa kisu na beseni la samaki, akanionyesha namna ya kuwatoa matumbo, akaenda zake. Majirani wa kike walisogea kutazama mfanyakazi wa serikali anavyofanya. Nilimkata wa kwanza vibaya, nyongo ikapasuka, wakapiga makofi.

"Huyu ni nani?" mmoja alimwuliza Shangazi.

"Ni mutoto wa ndugu yangu," alijibu. "Anaandika watu kule Kisangani. Muacheni, anajifunza."

Nilichukua samaki wa pili.